Je, Wajua? Taka za Usoke Zaenda Wapi

Je, wajua kwamba mtu mmoja wa Afrika kusini mwa Sahara hutoa kwa wastani kilo 0.46 za taka kwa siku? Ndivyo ilivyohesabu Benki ya Dunia katika ripoti yake ya mwaka 2018. Wastani wa dunia nzima ni kilo 0.74. Wingi wa taka, basi, si ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni mahali zinapolala: ripoti hiyohiyo inasema asilimia 69 ya taka za ukanda huu hutupwa wazi, na mara nyingi huchomwa papo hapo.

Je, wajua kwamba kwa kipimo hicho mji mdogo wenye watu 10,000, wa aina ya Usoke yetu na mingine iliyoota kwenye stesheni za reli kati ya Tabora na Kigoma, ungetoa tani 4.6 kwa siku? Lori moja la tani saba linazibeba zote na nafasi inabaki. Shida ya lori ni dizeli ya kesho. Katika nchi za kipato cha chini, shughuli za taka hula wastani wa asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri, na fungu kubwa la fedha hizo huishia kwenye kuzoa na kusafirisha, kabla hata ganda moja la muhogo halijachakatwa.

Je, wajua kwamba taka zote za mji huo kwa miezi kumi zingekishibisha kwa siku moja tu kiwanda cha Reppie kilichopo Addis Ababa? Kiwanda hicho kilizinduliwa Agosti 2018, kikiwa kimejengwa kwa uwezo wa kuchoma tani 1,400 kwa siku na kutoa umeme. Hakosekani mtu wa kuja na picha za mtambo kama huo akisema nasi tuwe nao. Mgeni huyo apewe chai, aoneshwe na ratiba ya treni.

Je, wajua kwa nini taka zetu zinakataa kuwaka? Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu mitambo ya kuchoma taka unataka kila kilo iwe na nishati ya wastani wa megajuli 7 kwa mwaka mzima, na isishuke chini ya 6 msimu wowote. Maganda ya ndizi, makombo ya ugali, majani ya matembele na maembe yaliyooza hayafiki huko, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Desemba ikifika, maembe yamejaa sokoni na mvua inanyesha, mtambo wa Tabora ungekuwa unakunywa dizeli ili ukaushe maembe.

Na ukiwaka vizuri bado kazi haijaisha. Kilo 100 zikiingia, kilo 20 hadi 25 hutoka zikiwa majivu, na yale majivu mepesi yanayonaswa kwenye dohani yana sumu kiasi cha kuhitaji dampo lake peke yake.

Je, wajua kwamba sheria za Ulaya zinataka moshi wa mtambo wa taka ukae kwenye nyuzijoto 850 kwa angalau sekunde 2? Lengo ni kuvunja dioksini, sumu inayozaliwa plastiki ya PVC na vitu vya jamii yake vinapoungua vibaya. Shimo la taka la uani, linalofuka usiku kucha kuliko linavyowaka, halikaribii joto hilo. Harufu ile ya asubuhi tunayoiita moshi tu ni mchanganyiko wa vitu vingi, na wa kwanza kuvuta ni mtoto aliyetumwa kuchoma.

Je, wajua kwamba miembe mikongwe ya Tabora na ya Ujiji ni alama ya njia ya misafara? Masimulizi yanasema mingine ilipandwa na wafanyabiashara, mingine ikaota yenyewe kutokana na kokwa walizotupa wapagazi kambini. Tangu hapo halijapatikana dampo lingine nchini lililowahi kutoa kivuli.

Je, wajua kwamba si kila kilichosafiri kwenye njia hiyo kilikuwa na heri? Funza anayeingia vidoleni hakuwa mwenyeji wa Afrika Mashariki. Inaelezwa kuwa alifika pwani ya Angola mwaka 1872 ndani ya mchanga wa kusawazisha meli iliyotoka Brazil, mchanga ukamwagwa ufukweni, na kwa muda usiozidi miaka 30 alikuwa amekata bara zima kwa miguu ya watu, akapita Kongo na Ziwa Tanganyika hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Mzigo mmoja wa mchanga. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 nacho kilisafiri kwa njia za misafara, na daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar alikifuatilia hatua kwa hatua, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1876.

Je, wajua taka ghali kuliko zote zilizowahi kutupwa wilayani kwetu Urambo? Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walileta hata matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya kivita vya Sherman. Januari 1951 London ilitangaza kuachana na mpango na kufuta takriban pauni milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku, na huko ndiko tuliko mpaka leo.

Tuseme basi juu ya tumbaku, kwa sababu nje ya Tabora wanaoandika vitabu vya taka hawaijui.

Je, wajua kwamba mashina ya tumbaku yanayobaki shambani baada ya mavuno ni taka ambayo mkulima hatakiwi kuiacha? Hung'olewa na kuteketezwa ili wadudu na magonjwa yasipate pa kulala kiangazi. Ukiyatia kwenye mboji unacheza na kirusi cha batobato ya tumbaku, ambacho ni miongoni mwa virusi sugu zaidi kwa joto kwenye mimea yote. Mboji yenye mashina hayo usiipeleke kwenye nyanya wala pilipili hoho, kwani ni ndugu wa tumbaku na ugonjwa wao ni mmoja.

Je, wajua kwamba majivu ya mabani ya kukaushia tumbaku ni mbolea inayotupwa? Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto la kuni za miombo, na majivu yake yana chokaa na potasiamu. Udongo wetu wa kichanga wenye uchachu unayahitaji yote mawili. Tahadhari ni moja: majivu ya moto yasitupwe kwenye guba la taka. Guba likishika moto usiku hakuna atakayejua kilichokuwa kinaungua mle ndani.

Je, wajua pia kwamba mkulima wa tumbaku anayo sababu ya kuiogopa mboji? Hapa maafisa wa mazingira huwa wanaruka. Tumbaku ya mvuke inataka naitrojeni mapema, kisha iishe, ili jani liive likiwa na rangi ya njano. Mboji hutoa naitrojeni polepole, mpaka wakati wa kuiva. Jani linabaki kijani, na mkulima anaona daraja lake likishuka mbele ya mteuzi. Ukimpelekea mboji kwa maneno matamu atakusikiliza kwa adabu, kisha atarudi kwenye NPK yake ya 10:18:24. Lakini shamba la mahindi la huyohuyo, bustani ya mkewe, na migomba iliyo nyuma ya bafu, vyote vinaipokea mboji bila ubishi.

Hesabu nyingine ya kutuliza wauza ndoto: mfuko wa kilo 50 wa NPK 10:18:24 una kilo 5 za naitrojeni. Mboji nzuri ina naitrojeni ya asilimia 1 au zaidi kidogo. Ili upate kilo 5 hizohizo unahitaji kilo 400 hadi 500 za mboji. Kwa hiyo mboji haisafiri. Ikipakiwa kwenye lori kwenda Tabora mjini, nauli imeimeza faida. Ni mali ya kutumika mahali ilipotengenezwa, na kwa mji uliozungukwa na mashamba pande zote hiyo si kasoro hata kidogo. Kazi yake kubwa, isitoshe, si naitrojeni: ni kuufanya mchanga ushike maji, kwenye mkoa ambao mvua yake karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili na miezi inayobaki ni jua.

Je, wajua kwamba lundo la mboji lililojengwa sawasawa linaweza kukuunguza mkono? Bakteria wakipata hewa, maji na chakula, joto la ndani hupanda kupita nyuzijoto 55. Kanuni ya Marekani kwa malundo ya wazi ni kwamba joto hilo lidumu siku 15, na katika siku hizo lundo ligeuzwe angalau mara 5, ili mayai ya minyoo na vimelea vya magonjwa vife. Kiungo kinachotakiwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Kwa lugha ya Usoke: mabua, pumba za mpunga na maganda ya karanga upande mmoja, mabaki ya mboga na samadi upande wa pili. Chukua konzi, likamue: likidondosha maji mengi limelowa mno, likimeguka kama vumbi ongeza maji.

Je, wajua kwamba lundo lisilogeuzwa linabadilika tabia? Hewa ikikosekana, bakteria wengine hushika zamu na kutoa methani. Gesi hiyo, kwa kipindi cha miaka 20, hulipasha joto anga mara 80 hivi kuliko kiasi hichohicho cha hewa ukaa. Ndiyo maana shimo refu lililofukiwa maganda, ambalo kwa macho ni safi kuliko lundo la mboji linalovutia nzi wawili watatu, kwa hesabu ya tabianchi ni baya kuliko lundo.

Je, wajua kwamba nzi naye yumo kwenye orodha ya mitambo? Nzi chuma, mweusi, mwenye asili ya Amerika, hutaga kwenye taka za jikoni. Funza wake hupunguza uzito wa taka kwa nusu au zaidi ndani ya wiki mbili hivi, na mwili wake una protini ya takriban asilimia 40 ukishakaushwa. Nzi mkubwa mwenyewe hana haja na chakula chako, hukaa siku chache, akajamiiana, akafa. Dar es Salaam wapo wanaowafuga kwa ajili ya chakula cha kuku. Tabora kuku wa kienyeji wamejaa, na kuku hawa hawaulizi bei ya dagaa imefika wapi.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupanga kutoa umeme kwenye taka za Dar es Salaam miaka ya 1990? Mradi uliitwa Taka Gas, ukasaidiwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ukafanyiwa michoro na vikao. Mtambo haukujengwa. Lakini Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalifanikiwa kutoa biogesi na umeme. Tofauti iko kwenye malighafi kuliko ufundi: mabaki ya mkonge ni ya aina moja, yanatoka mlango mmoja kila siku, na hayana wembe, pempasi wala betri ndani yake.

Biogesi ya nyumbani nayo ina sharti lake. Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo. Mwenye ng'ombe wanne na bomba uani anafaidi. Mama anayefuata maji kisimani mwezi wa Septemba akiambiwa amwage ndoo kadhaa shimoni kila asubuhi, atakuuliza kama unaumwa.

Je, wajua kwamba chupa ya soda ya kioo ndiyo taka iliyosimamiwa vizuri kuliko zote mjini Usoke, na hakuna mradi wala semina nyuma yake? Ina amana. Huondoki na chupa bila kuacha hela au chupa tupu. Kreti tupu linarudi Tabora na gari lililoleta kreti zilizojaa, chupa inaoshwa, inajazwa tena, na kwa kawaida hurudia safari hiyo zaidi ya mara 20. Kisha zikaja chupa za plastiki, nyepesi na zisizo na amana, na mitaro ya mvua ikazipokea. Duka ni lilelile na mnywaji ni yuleyule.

Je, wajua kwamba kuyeyusha alumini chakavu kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitengeneza mpya kutokana na madini? Mafundi wanaosubu sufuria walilijua hilo kwa mifuko yao. Lakini utafiti uliofanyika Cameroon na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta sufuria za namna hiyo zikiachia risasi kwenye chakula, kwa sababu tanurini huingia kila kitu: vipande vya injini, rejeta, makopo. Vyuma vikitenganishwa kabla ya tanuri, hatari inapungua.

Je, wajua kwamba urejelezaji unaweza kuua? Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri za magari mwaka 2007. Risasi ikaingia kwenye hewa, maji na damu za watoto. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe kuugua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwenye karatasi kilikuwa kiwanda cha urejelezaji. Betri za sola zimeshafika hadi vitongojini kwetu na nyingi zina risasi hiyohiyo, kwa hiyo mnunuzi wa skrepa anayepita na toyo ni mtu wa kuulizwa anakozipeleka.

Je, wajua kwamba ngazi maarufu ya taka, inayoanzia kuzuia, kutumia tena, kurejeleza, kuchoma kwa kupata nishati, na mwisho kufukia, ilipendekezwa mwaka 1979 na mbunge wa Uholanzi, Ad Lansink? Na kwamba mojawapo ya tathmini za kwanza za kufuatilia bidhaa tangu malighafi hadi jalalani iliagizwa na Coca-Cola mwaka 1969, kulinganisha aina za vyombo vya soda? Tathmini za namna hiyo sasa zina kiwango cha kimataifa, ISO 14040, kilichotoka mwaka 1997. Ni chombo kizuri, ila jibu lake hufuata kilichohesabiwa. Hesabu moshi peke yake, mtambo wa kisasa utashinda. Ongeza nani atanunua kipuri mwaka wa sita, koleo na uma wa shamba vinapanda juu kwenye orodha.

Je, wajua dampo la kisasa lina nini ambacho jalala halina? Tandiko la plastiki nene chini, kwa kawaida la milimita 1.5, mabomba ya kukusanya maji meusi yanayochuruzika, mizani mlangoni, na udongo wa kufunika kila jioni. Mradi wa miji ya kimkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulihusisha Arusha, Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Ndipo yalipotoka madampo kama Chidaya la Dodoma na Buhongwa la Mwanza. Tabora haikuwamo kwenye orodha hiyo. Treni ilitupita bila kusimama, tuseme hivyo. Hata hivyo dampo la kisasa lisilo na mafuta ya buldoza hurudi kuwa jalala mvua ya kwanza ikinyesha, ila jalala lenye uzio.

Je, wajua kwamba mlima wa taka unaweza kuporomoka kama mlima wa udongo? Machi 2017, Koshe, Addis Ababa, watu zaidi ya 110 walifukiwa. Agosti 2024, Kiteezi, Kampala, baada ya mvua kubwa, zaidi ya 30. Kote kuwili taka zilirundikwa juu kwa miaka mingi, na nyumba zikajengwa chini ya mteremko.

Je, wajua kwamba Watanzania walishawahi kulishtaki jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya jalala na kushinda? Wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 1988. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka hapo, likaomba kuongezewa muda mara kwa mara, mpaka Jaji Lugakingira alipokataa mwaka 1991. Jalala likahama. Baadaye dampo la Mtoni likawa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuuza upunguzaji wa gesi joto, kwa kunasa methani yake. Taka za jiji sasa huenda Pugu Kinyamwezi.

Je, wajua kwamba Kinondoni ya Dar es Salaam, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande chenye uwezo wa tani 50 kwa siku? Na kwamba kata ya Bonyokwa, jijini humohumo, kwa msaada wa asasi ya Nipe Fagio, imefanya kazi ya kutenganisha taka nyumba kwa nyumba, zikakusanywa kwa mikokoteni? Kati ya hayo mawili, la Bonyokwa ndilo Usoke ingeweza kulianza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, siku ambayo tayari tuna fagio mkononi kwa agizo. Mtendaji wa kata anahitaji mikokoteni, mapipa ya aina mbili, na mtu wa kulipwa. Kujitolea kuna mwisho wake, kwa kawaida wiki ya tatu.

Je, wajua kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, miaka miwili baada ya Kenya na zaidi ya kumi baada ya Zanzibar na Rwanda? Anayebisha kwamba marufuku ni tiba achimbe mfereji wa maji nyuma ya soko lolote kongwe: tabaka la rambo litamwonesha mwaka 2019 uko kina gani.

Je, wajua namna ya kupima mboji bila maabara? Jaza makopo mawili, moja mboji iliyochanganywa na udongo kwa kipimo sawa, lingine udongo mtupu. Panda mbegu 20 za mchicha kwenye kila kopo, mwagilia, hesabu zilizoota baada ya siku sita au saba. Kopo la mboji likiwa limeachwa nyuma sana, au miche imetoka ya njano, rudisha lundo, ligeuze, lipe wiki tatu zaidi. Mbegu nunua mpya. Za mwaka juzi zitakudanganya.